Injini ya Baba Mkubwa

Niliwahi kuilisha injini jani. Sisemi kwa mafumbo. Nilichuma jani changa la isale kwenye ua wetu wa Rau, nikalipiga fundo kama nilivyomwona bibi akifanya, kisha nikalisukuma kwa kidole ndani ya tundu ambalo injini ya gari huvutia hewa. Nilikuwa darasa la nne, na asubuhi ile nilijiona mwenye akili kuliko watu wazima wote waliokuwa uani. Hadi leo nikisikia harufu ya petroli imechanganyika na moshi wa kuni na ndizi zinazochemka, naona haya kabla sijakumbuka kwa nini.

Ilikuwa likizo ya Desemba, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, wakati magari madogo yaliyotumika Japani yalipoanza kumwagika mjini Moshi hata walimu wakathubutu kuota. Baba alikuwa na Starlet nyeupe iliyochoka kiasi kwamba mlima wa Masama tuliupanda kwa kushuka na kusukuma. Kaka yake, Baba Mkubwa, aliyebaki kwenye kihamba cha babu, shamba la ukoo la migomba, huko huko Masama, alikuwa na Starlet nyekundu, ndugu wa damu wa ile yetu ila yenye injini kali. Vijana waliiita Mshale. Siku moja Mshale akaingia mtaroni, akavunjika mbavu, injini ikatoka nzima. Sasa, hawa ndugu wawili walikuwa hawajala meza moja tangu babu azikwe na kihamba kigawanywe. Mstari mmoja wa migomba ulitosha kuwanunisha. Ndiyo maana Baba Mkubwa alipotuma neno kwamba injini tukaichukue bure, Mama alikaa kwenye kigoda akashika kifua. Baba alizunguka nyumba mara mbili, kisha akatangaza kwamba Krismasi hiyo tutapanda Masama kwa injini ya kaka, tukale naye.

Kazi ilifanyika uani kwetu, injini ikining'inia kwa mnyororo kwenye mparachichi, na fundi Elia akiisemesha kama ng'ombe mkaidi. Iliingia vizuri, lakini boneti ikakataa kufunga. Menifodi yake, yale mabomba manne yanayogawia silinda hewa, ilikuwa na nundu kubwa kuliko ya kwetu. Fundi akaamua kuifungua na kuvalisha menifodi ya injini yetu ya zamani. Matundu ya bolti yakakubaliana yote isipokuwa mawili; akatumia siku nzima na tupa, akipima na kulaani. "Haya magari ni ndugu," alisema kichwa kikiwa ndani ya boneti, "lakini ndugu wa Kichagga! Mpaka wapatanishwe." Watu wazima wakacheka. Mimi sikucheka. Kwetu, aliyekukosea akikuletea isale lililopigwa fundo humnyimi msamaha, hata uwe na moyo wa jiwe. Kesho yake fundi alipokwenda kunywa mtori, nikapeleka upatanisho katika tundu la tatu. Aliporudi akafunga menifodi, akakaza, akapiga ufunguo. Ikaitika. Nikajipongeza kimoyomoyo.

Siku ya Krismasi gari lilikwenda kama limepakwa siagi. Baba alipiga mluzi, jambo ambalo sikuwahi kulisikia, na Mama akamwambia apunguze mwendo na mluzi pia. Tulipopita Kwa Sadala na kuanza kupanda, injini ikakohoa. Ikakohoa tena, ikatetemeka kama mtu mwenye malaria, na tukaingia kihambani tukitoa moshi mbele ya ukoo mzima. Baba Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni na kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, ya kumpokea mdogo wake. Baba akashuka, akabamiza mlango.

"Kaka, umenipa mgonjwa!"

"Nilikupa mzima," alijibu Baba Mkubwa. "Na shikamoo yangu umeiacha njia gani?"

Shikamoo haikutoka. Kata ya mbege ikarudi ndani. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma na neno moja mdomoni ambalo lingewakalisha wote wawili mezani, nikalimeza.

Baadaye fundi alisema silinda ya tatu haina pumzi, akaomba afungue aone. Baba akakataa katakata: irudishwe kama ilivyokuja. Ikapakiwa kwenye pikapu, ikapelekwa Masama ikiwa bado imevaa menifodi yetu, na ya Mshale ikabaki imetundikwa kwenye ukuta wa stoo yetu. Kila mmoja akawa na kiungo cha mwenzake, na kila mmoja akangoja mwenzake arudishe kwanza. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mimi nilikaa na kapu miaka ishirini na zaidi. Mwanzoni nilinyamaza kwa kuogopa fimbo, kisha kwa aibu, na mwishowe kwa mazoea, ambayo ndiyo mabaya kuliko yote. Baba Mkubwa alifariki mwaka juzi. Baba alikwenda kuzika, akasimama nyuma pamoja na majirani.

Siku hizi ng'ambo ya barabara kuna vijana wanaobadilisha injini kati ya asubuhi na chakula cha mchana. Wanachomeka kompyuta ndogo, nayo inawatajia silinda inayoumwa bila kumwonea mtu haya. Mimi, mtu wa kukaa nyumbani, nawatazama kutoka kibarazani na kuwaza kwamba kidude kile kingetuokolea ukoo. Baba nilimweleza mwaka huu. Akaniuliza kama nimewafungia kuku. Basi wiki iliyopita mzigo ukanishinda, nikausimulia wote kwa Mama Aika, jirani yetu tangu enzi zile, huku tukichambua maharage. Nilieleza jinsi nilivyowatenganisha ndugu wawili hadi kaburini, nikafika hata kutoa machozi. Akapuliza makapi kwenye ungo, akanitazama.

"Acha kujipa ukubwa wewe. Wale wangegombana hata kwa kikombe cha chai."