Barua Iliyosema Hakuna Ndege

Kitendawili! Nimesafiri siku nane usiku na mchana, sikula, sikunywa, sikutua. Nilipofika kwangu nikaambiwa sipo. Mimi ni nani?

Ukishindwa, muulize Ngaire Paranihi.

Saa kumi na mbili asubuhi, Septemba, upepo wa kusini unakata masikio. Ngaire yuko kwenye ulimi wa mchanga wa Waimoko na darubini yake ya miguu mitatu, mmoja umefungwa utepe. Ana miaka sitini na mmoja. Saa mbili ataanza kufagia madarasa ya shule ya msingi. Kabla ya hapo anahesabu ndege. Mwaka wa kumi na tisa huu, ufuko huohuo.

"Mia nne na kumi na mbili," anamwambia Bevan, fundi magari mstaafu mwenye daftari. "Na uandike kuaka. Juzi uliniandikia kunguru!"

"Miwani ilijaa mvua, mama wee."

Kuaka, ndege hawa wa pwani wenye midomo mirefu, ndio kwanza wamewasili kutoka Alaska, upande wa pili wa dunia, wamebaki mifupa na manyoya. Maji yakipwa hutawanyika mbali kwenye tope kutafuta chakula. Maji yakijaa hurudi hapa kupumzika, kila mmoja kwa mguu mmoja. Hata mtoto wa chekechea wa Waimoko analijua hilo.

Halmashauri hailijui. Barua yake ya wiki iliyopita inasema: "Mkaguzi alifika. Hakuna ndege." Kwa sababu hiyo, kuanzia Jumamosi ulimi huu utakuwa uwanja wa mashindano ya pikipiki.

"Hakuna ndege!" Ngaire anafoka. "Unapiga hodi wenyewe wakiwa shambani, unaondoka unaandika nyumba haina watu?"

Ameandika barua tatu, zote zikiwa na swali moja: mkaguzi alikuja saa ngapi? Hajajibiwa. Jana alikwenda mwenyewe ofisini na ndoo yake ya kupigia deki, akaketi juu yake mlangoni mpaka mkaguzi akaahidi kuja.

Na huyu hapa anakuja, kijana Lachlan Doyle, akirukaruka madimbwi. Maji yamejaa. Ngaire anampisha kwenye darubini bila salamu.

Lachlan anainama.

"Vipi, bwana mkubwa," Bevan anamchokoza, "hayo ni mawe?"

"Wengine wamelala," Lachlan ananong'ona.

"Umechoka wewe kwa kutoka kwenye gari," anasema Ngaire. "Hao wametoka Alaska. Jumamosi unawaletea pikipiki. Sasa nijibu, mwanangu. Siku ile ulikuja saa ngapi?"

Lachlan anainuka. Anaangalia viatu vyake vyeusi, vimelowa mpaka kwenye kamba.

"Nilifika asubuhi, Shangazi, maji yamejaa hivi hivi," anasema. "Nikakaa garini nikangoja yapwe. Sikutaka kulowesha viatu."