Pombe Isiyorudishwa

Binti yako ni bei gani? Usikasirike. Hippolyte naye angekasirika kama ungemuuliza hivyo asubuhi ile alipoondoka Kasongo akisukuma baiskeli iliyobeba mawese. Angekujibu kwamba Elsa hana bei, kwamba yuko darasa la mwisho la sekondari, na kwamba mawese hayo ndiyo ada ya mtihani wake wa taifa. Angesema kwa sauti ya juu ili majirani wasikie. Na angekuwa anasema kweli.

Baiskeli ya namna ile haipandwi. Hufungwa fimbo moja kwenye usukani na nyingine nyuma ya kiti, bidoni za mafuta zikaning'inia pande zote, kisha mtu huisukuma kama anayebishana na mbuzi mkaidi. Kwenye mpando unaisukuma; kwenye mteremko unaivuta isikuache. Hippolyte alikuwa akiishi hivyo tangu Elsa hajazaliwa, kati ya Kasongo na Salamabila, kwa sababu Salamabila watu wanachimba dhahabu na hawalimi, na asiyelima hununua.

Njiani mtu ana muda wa kuwaza, na yeye aliwaza mambo yaleyale kila safari. Pesa: ni kama tone la mvua juu ya jani la gimbi, linang'aa, ukinyoosha mkono limeshateleza. Lutuku: ndiyo iliyomzika baba yake, pombe kali ile ya mihogo na mahindi, lakini mabega yanayouma hayasikilizi mahubiri. Jamaa: mke wake Emilienne, ambaye siku hizi humtazama mikono kabla ya kumtazama uso. Na barabara. Babu yake aliona malori yakipita pale. Yeye anaona pikipiki zikizama hadi kwenye kiti. Dhahabu ya Salamabila ingeweza kuitengeneza barabara ile ikang'aa. Badala yake inapita juu yake kimya kimya, ndani ya mifuko ya watu, na haiachi hata kokoto.

Mwaka uliopita, wakati wa likizo kubwa, Elsa alikwenda naye na kumsaidia kusukuma. Ndipo Fidèle alipomwona. Fidèle ni mnunuzi wa dhahabu wa Salamabila, mtu mzima mwenye mke tayari, na tangu siku ile hakuacha kutuma salamu. Hippolyte alizirudisha zote kwa neno moja: anasoma.

Safari hii mawese yaliuzwa vizuri. Shida ilikuwa kurudi. Barabarani kuna kamba zilizofungwa kutoka mti hadi mti, na kila kamba ina wenyewe, wengine wana sare, wengine wana bunduki tu, na hakuna apitaye bila kulipa ila watu wa wanunuzi wa dhahabu kama Fidèle. Kamba ya kwanza ilikula kidogo. Ya pili ilikula kama mgonjwa aliyepona. Alipofika kijiji cha Wamaza, mvua ikimpiga, kilichobaki mfukoni hakikutosha hata nusu ya ada ya Elsa.

Alijikinga kwa Mama Safi, muuza lutuku. Ndani alimkuta Lukumani, mtu wa mkono wa Fidèle, ameketi na wenzake.

"Papa Elsa! Mvula imekupiga kama mutu aliyeiba kuku!"

Watu wakacheka. Hippolyte naye akacheka.

"Watu wa kamba wamekula nyama, ndugu yangu. Mvula imekuta mifupa."

"Ikala hapa karibu yetu, ikala. Mama Safi, leta ile."

Mama Safi alisita kidogo, kisha akaleta kikombe. Juu yake palikuwa na jani la mgomba.

Hapa lazima nieleze, kwa maana kila kitu kimo ndani ya jani hilo. Kwa watu wa huko posa huja na kikombe cha pombe kilichofunikwa jani la mgomba. Baba hakigusi. Humwita binti mbele ya watu na kumuuliza: "Ninywe?" Binti akikubali, yeye mwenyewe hufunua jani, na baba hunywa. Akikataa, kikombe hurudi kilivyokuja. Ni desturi ya haki kuliko sheria nyingi zilizoandikwa, kwani neno la mwisho ni la msichana. Lakini baba akifunua mwenyewe, amejibu kwa kinywa cha binti yake, na jibu hilo hakuna awezaye kulirudisha ila yeye, kwa kukiri kosa mbele ya watu.

Hippolyte alilitazama jani. "Hii iko nini?"

"Iko dawa ya baridi."

"Na jani?"

"Nzi wa Wamaza hawana adabu, mukubwa."

"Lukumani, mimi si mutoto. Elsa anasoma."

"Nani amemukataza asisome? Fidèle mwenyewe amesema atasoma. Angalia." Akaweka kitita cha noti kando ya kikombe. "Ya mutihani. Mutu anasaidia mutoto wa mwenzake. Kuko ubaya gani?"

Maji yalikuwa yakimtiririka Hippolyte shingoni. Alijiambia kwamba desturi iko nyumbani, mbele ya binti na wajomba zake. Njiani pombe ni pombe tu. Alijiambia kwamba ada italipwa, Elsa atapata diploma, na baadaye Fidèle ataambiwa maneno. Alijua anajidanganya. Alijua kama mtu anavyojua ubao wa daraja umeoza, akaukanyaga kwa sababu amechoka kuzunguka.

Akafunua jani. Akanywa.

Lukumani aliwageukia wenzake. "Mumeona?"

"Tumeona," wakajibu pamoja. Safari hii hakuna aliyecheka.

Alipofika Kasongo alimkabidhi Elsa pesa ile mbele ya mama yake. Msichana alipiga kelele ya furaha, akaenda kufua sare yake ya shule ili kesho akalipe akiwa safi. Emilienne alimpakulia mumewe bugali na sombe ya majani ya mihogo, akasimama.

"Watu wa kamba walikuwa wazuri safari hii?"

"Mungu alisaidia."

"Mungu wa wapi? Wa Salamabila?"

Hippolyte alishika tonge. Akalichovya kwenye sombe.

Asubuhi iliyofuata pikipiki ilisimama mbele ya nyumba. Nyuma ya dereva alishuka Lukumani na furushi la vikwembe vipya, vitenge vya bibi harusi. Elsa alikuwa mlangoni, blauzi nyeupe, sketi ya buluu, pesa ya ada mkononi. Majirani walianza kusogea. Lukumani alisalimia kwa heshima zote, kisha akatoa mfukoni jani la mgomba lililoanza kunyauka na kulitandaza kwenye kiganja ili kila mtu alione.

Elsa alilitazama, akamgeukia baba yake. "Papa, ulilifunua weye mwenyewe?"

Hippolyte aliinamisha kichwa.

"Sikuulizwa," Elsa akasema. Hakulia. Alisema kama mtu anayesahihisha hesabu.

Emilienne alimnyang'anya binti yake zile noti, akamtupia Lukumani miguuni. "Makuta yenu ile pale! Mupande pikipiki yenu, muende!"

Lukumani aliinama akaziokota, akazipangusa vumbi. "Makuta inarudi, Mama Elsa. Pombe itarudi namna gani? Bwana wako atapike, tuone."

Jirani mmoja akacheka, akajiziba mdomo.

Emilienne alikwenda kusimama mbele ya mumewe, karibu kabisa. "Sema. Sema mbele ya watu: nilikosa, mutoto wangu haendi. Watakucheka, halafu watachoka. Neno moja, Papa Elsa. Neno moja tu."

Hippolyte alifungua mdomo. Neno lilikuwepo. Lakini alisikia tayari kicheko hicho kikimsubiri Lusangi, Wamaza, Salamabila, kwenye kila kamba na kila nyumba ya lutuku: ule ndiye aliyekunywa akataka kutapika. Na chini ya aibu hiyo likamjia wazo jingine, dogo, baridi, ambalo hakuliita: mkwe wa Fidèle hasimamishwi kwenye kamba.

Akafunga mdomo.

Elsa aliuona mdomo ule ukifungwa. Lukumani alimnyooshea vikwembe avae. Akavisukuma kando, akapanda pikipiki na sare yake ya shule. Mama yake alimshika mguu, na dereva akasubiri mpaka majirani walipomtoa. Kabla ya kupanda nyuma yao, Lukumani aliweka zile noti juu ya kiti cha baiskeli, taratibu, kama mtu anayelipa kwa wakati.

Hippolyte aliwafuata hadi barabarani, asijue anafuata nini. Ilikuwa saa ya wanafunzi kwenda shule. Walikuja kwa makundi, nyeupe na buluu, wakagawanyika pande mbili kuipisha pikipiki. Wengi hawakuinua hata kichwa. Msichana mmoja tu alimtambua mwenzake, akacheka, akapunga daftari hewani na kupaza sauti:

"Elsa! Unaenda wapi? Masomo iko huku!"