Gari Ambalo Hakuna Aliyeliona

Mwanzoni nililichukia lile gari kwa sababu ya kelele tu. Genge langu la wali na samaki liko kando ya maegesho ya teksi hapa Kyela mjini, na kwa karibu mwaka mzima madereva walikuwa wanakuja kula huku wakigombana juu ya gari ambalo halijatoka. Gari dogo la kifahari, la umeme mtupu, la kampuni ya huko nje, ambalo hata Dar es Salaam sijui kama litapata wanunuzi wawili. Nikawauliza, ninyi mnaendesha mikweche ambayo mlango mpaka upigwe teke ndiyo ufunguke, hilo linawahusu nini? Umeme wenyewe hapa ukikatika asubuhi, unarudi watu wameshausahau. Mmoja akasema dada wa wali hana ndoto. Nikamzidishia pilipili kwenye mchuzi wake, akanywa maji mpaka akashika adabu.

Kilichowagombanisha ni picha. Ile kampuni ilikuwa na ujanja wake: badala ya kulionyesha gari, ilitoa picha nyeusi tii, ina mstari mmoja tu wa mwanga unaopita pale ambapo huenda ndiyo ukingo wa paa, na taa mbili nyembamba mbele. Basi, hakuna kingine. Baada ya miezi wakatoa nyingine, nyeusi vilevile, ya upande wa nyuma. Watu wazima na ndevu zao wakawa wanapokezana simu, wanaongeza mwanga, wanaivuta picha kwa vidole, wanaikodolea macho giza hilo, na kila mmoja anatoka na gari lake kichwani.

Bingwa wao alikuwa baba yangu. Baba ni mtu wa Ipyana, lakini ujana wake wote aliumalizia kwenye usukani wa magari ya wakubwa, Mbeya na Dar es Salaam. Alipostaafu alirudi na gari lake mwenyewe, akaanza kubeba abiria kwenda mpakani kule Njisi na kurudi. Magari ya kifahari aliyajua kwa kuyakalia, si kwa kuyaona kwenye simu, na hilo hakumruhusu mtu kulisahau.

Akiongea juu ya lile gari ungedhani amelichora yeye. Alisema gari la umeme halina injini ya kupoza, kwa hiyo halina haja ya kuvuta hewa, kwa hiyo mdomo wa mbele wataufunga kabisa, uso utakuwa laini. Betri italazwa chini ya miguu, sakafu itapanda. Sasa sakafu ikipanda na paa likibaki pale pale, mkubwa wa nyuma atakaa magoti yakiwa kifuani. Na mkubwa hawezi kukaa hivyo, alisema baba, mimi nimewaendesha, mkubwa anataka anyooshe miguu asome gazeti. Basi paa lazima lipande katikati, lishuke polepole mpaka nyuma. Buti litakuwa fupi. Vitasa vya milango vitazama ndani. Taa za nyuma zitakuwa mstari mmoja, huku mpaka huku. Rangi nyeusi, hapo hakutaka hata mjadala.

Alikuwa na mpinzani mmoja, dereva mwenzake, bwana mfupi wa Bujonde, ambaye tangu waanze kuegesha pamoja hakuwahi kukubaliana na baba hata juu ya hali ya hewa. Yeye alishikilia kwamba mwenye hela hanunui gari lisilo na sura. Watabandika mdomo mkubwa, hata kama ni wa uongo, kwa sababu mtu anataka barabarani apishwe. Baba akamuuliza, mdomo wa kula nini? Yule akamjibu, mzee, wewe ulizoea kuwafungulia wakubwa mlango, hukuwahi kuwauliza wanapenda nini. Baba akanuna siku nzima. Kesho yake akarudi na swali jipya: hiyo betri ya chini, mvua ikinyesha na maji yakajaa kule kwenu Bujonde, utapita nayo wapi? Wakaanza upya.

Baba simu aliipokea mwisho. Aliisogeza karibu na pua, akainamisha kichwa upande kama kuku anayetazama punje, akakaa hivyo muda mrefu. Sikushangaa, maana wote walikuwa wanafanya hivyohivyo. Leo ndiyo naelewa kwa nini alilipenda lile gari. Kwenye picha ile hakuna aliyemzidi mwenzake kuona.

Dalili zilikuwepo, jamani, sisemi hazikuwepo. Watu walianza kulalamika kwamba mzee siku hizi anaringa, unapita mbele yake anakukaushia. Lakini ukimsalimia "mugonile", anakujibu "ndaga" kwa furaha na kukuuliza habari za mji mzima. Mara mbili alipiga teke beseni langu la vyombo lililokuwa wazi kabisa ubavuni kwake. Nikamfokea, akasema nimeliweka vibaya. Akaacha kuendesha jioni, eti taa za malori ya mpakani hazina ustaarabu.

Halafu mama. Mama yangu ni Mkisi wa kule ziwani, anafinyanga vyungu tangu sijazaliwa, na magari hayapendi kabisa. Akipanda gari anatapika. Ghafla akawa anakaa kiti cha mbele kila safari, vyungu viwili mapajani, anasema anavipeleka kuuza Njisi. Mimi niko pale pale kwenye maegesho, naona. Vyungu viwili vilevile vilikwenda na vilevile vilirudi, wiki baada ya wiki, kimoja kina alama ya moshi shingoni. Nikamwuliza mama biashara gani hii. Akasema Njisi watu hawajui vyungu vizuri. Nami, mjuaji mkubwa, nikadhani wazee wangu wameanza mapenzi upya, nikacheka peke yangu huku nakaanga samaki.

Wiki ambayo kampuni ilitangaza kwamba sasa italifunua gari lake, ilibidi niende Njisi kumwona mgonjwa. Ilikuwa Jumanne mchana, jua kali, nikapanda gari la baba. Nilikaa nyuma, nikabanana na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni na mzee wa kanisa. Baba akaondoa gari taratibu. Mama yangu, kwenye kiti cha mbele, naye akaanza kuongea.

Aliongea Kikisi, chini chini, bila kupumzika. Abiria hawakushughulika. Pale nyuma walikuwa Wanyakyusa watupu, na waliona ni bibi anamsumbua mumewe kwa lugha ya kwao. Mzee wa kanisa hata akanitania, akasema huyu mama yako akianza hamalizi. Lakini Kikisi mimi nilikinyonya. Mwanzo nilisikia bila kusikiliza. Kisha nikasikiliza.

"Baiskeli kushoto," mama alikuwa anasema. "Ina gunia. Kaa katikati. Mtu anavuka, subiri. Subiri. Haya. Tuta hilo, punguza. Bodaboda inakuja, sogea kushoto, kidogo, kidogo, basi. Nyoosha."

Na baba alikuwa anafanya. Kila neno la mama, usukani unafuata. Alipokosa kusema, gari lilikwenda moja kwa moja tu. Njia yetu hii mnaijua wenye kuijua, baiskeli za mpunga, watoto wa shule, mbuzi, wanawake na ndizi kichwani, na sisi tulikuwa tunapita katikati yao kwa mdomo wa mama yangu anayetapika kwenye magari. Yule mtoto mgongoni mwa jirani yangu alikuwa amelala, mguu wake umenigusa mkono, wa moto. Niliukamata ule mguu mpaka tukafika, na mama yake akadhani nampenda mwanawe.

Niliporudi sikwenda gengeni, nilimsubiri mama nyumbani. Alinieleza bila kuzungushazungusha, huku anapangusa vile vyungu. Baba alikuwa na presha ya macho. Walishakwenda Mbeya hospitali, zamani, kabla hata ya kelele za lile gari. Daktari aliwaambia ilichokula haikirudishi, dawa ya matone ni ya kulinda kilichobaki, na asiendeshe tena. Jicho la kushoto lilikuwa limeshakufa wakati ule. La kulia lilikuwa na kitundu, kisha kitundu kikafifia, sasa anaona mwanga na vivuli. Kwenye jua kali anaona barabara kama kitu cheupe. Mama alisema hivyo kama anayesema bei ya chumvi.

Nilimwambia kesho asubuhi naenda kwa mwenyekiti wa madereva.

"Ukimnyang'anya gari utamzika," mama akasema.

"Nisipomnyang'anya tutazika wa watu, mama."

Akalia. Sikuwa nimewahi kumwona mama analia nje ya msiba. Akasema baba amemwahidi ataacha yeye mwenyewe. Amemwambia, ngoja nilione hilo gari tu, likishafunuliwa ninakaa nyumbani. Kwani si wiki hii hii? Nikakasirika. Nikamwuliza, atalionaje? Mama akapangusa chungu upande uleule aliokwisha kuupangusa. Mwisho tukakubaliana kwamba nitazungumza na baba mwenyewe kwanza, Jumatano, kabla hajaondoa gari.

Jumatano nilifika maegeshoni nimejipanga, maneno yote nimeyapanga kichwani. Nilichelewa kwa sababu ya mvua ya alfajiri na matope. Nilipofika, gari la baba lilikuwa limeshajaa, abiria wamekaa, mama yuko mbele na vyungu vyake, na baba amesimama nje anangoja kuingia. Nilikuwa natembea kumwendea nikasikia kelele upande wa kibanda cha kinyozi. Picha zimetoka, siku moja kabla ya siku waliyoitangaza, mtu kazivujisha. Madereva wakajazana. Walikuwa wanapiga makofi, wanasukumana. Yule bwana wa Bujonde akaruka juu, akasema nilisema, nilisema mimi.

Nilichungulia. Gari lilikuwa jeupe. Limeanikwa juani, kila kitu kinaonekana mpaka nati za magurudumu. Mbele lilikuwa na mdomo mkubwa kama wa kambale, umejaa vitaa vidogo. Paa limenyooka. Vitasa viko nje. Nyuma kuna taa mbili za duara, huku moja na huku moja. Hakuna hata kitu kimoja alichosema baba.

Bwana wa Bujonde akaja mbio na simu, anacheka, kamwekea baba mkononi. Akamwambia haya mzee, toa hukumu. Wote wakamzunguka kusikia bingwa anavyokubali kushindwa. Mimi nilikuwa hatua chache tu, nyuma ya migongo yao.

Baba akaisogeza simu karibu na pua. Akainamisha kichwa. Akatulia, akatabasamu, akaanza kuongea kwa ile sauti yake ya kufundisha.

"Mmeona mbele? Laini. Niliwaambia hakuna mdomo," alisema. "Na paa, tazameni linavyopanda. Hapo mkubwa anakaa vizuri."

Mtu mmoja alianza kucheka, akadhani ni utani. Kisha akawatazama wenzake. Baba akaendelea na buti fupi, akaendelea na vitasa vilivyozama, akapitisha kidole juu ya kioo kuonyesha mstari wa taa za nyuma. Akasema weusi huu ndio weusi wa magari ya wakubwa, hauna mfano. Wakati huo simu ilikuwa imeshajizima. Kioo kitupu. Watu wote walikuwa wanakiona, na baba anakionyesha kwa kidole.

Matope tu yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye magurudumu. Nilimtazama bwana wa Bujonde. Uso ulikuwa umembadilika, mkono ameuweka mdomoni. Kisha akaushusha.

"Umepatia, mzee," akasema polepole. "Yote umepatia."

Alitaka kumsitiri, Mungu ambariki, sina kinyongo naye. Lakini baba hakuwa mjinga. Miaka yote hiyo mtu yule hakuwahi kumkubalia neno lolote, na sasa amemkubalia yote kwa pamoja, kwa sauti ya msibani, na hakuna hata mmoja aliyembishia. Tabasamu la baba lilikaa kidogo usoni, likaisha. Akainyoosha ile simu mbele yake, mahali ambapo hapakuwa na mtu, ikabidi mwenyewe asogee aipokee.

Yule mama mwenye mtoto, wa jana yake, alikuwemo tena garini; alfajiri alimleta mtoto mjini hospitali, sasa anarudi kwao. Yeye hakuwa ameona lolote. Akatoa kichwa dirishani, akauliza dereva tunaondoka saa ngapi, mtoto ana homa.

Baba akageuka kuifuata sauti. Alishika paa la gari lake, akashuka nalo kwa mkono mpaka akalipata dirisha, na mkono wake ukamgusa mtoto kichwani, akauondoa haraka kama aliyeungua.

"Shuka, mama," akamwambia. "Mshushe na mtoto. Mimi sioni."

Yule mama hakuelewa. Alidhani mzee anasema haoni sababu ya kuondoka na matope yale, akabaki amekaa, anabembeleza mwanawe, mpaka mama yangu alipoteremka na kumfungulia mlango.