Viraka vya Mama Gundi

Huyu ni Nukta, mtoto wa Karani Mpiga Mihuri aliyefanya kazi miaka ishirini na tisa bila kuacha doa la wino kwenye hati ya mtu, mjukuu wa Mchonga Mihuri aliyechonga herufi kinyumenyume kwenye mbao na zikisomwa zikawa sawasawa. Jina la kwenye cheti limebaki kwenye cheti. Yeye mwenyewe aliingia kiwanda cha uchapaji hajaota ndevu, akapanga herufi za risasi mpaka vidole vikawa vyeusi visivyooshika, na risasi zilipoondolewa akafanywa msahihishaji. Siku moja alisimamisha mtambo uliokwisha kutoa kurasa elfu tatu za kitabu cha hesabu kwa ajili ya nukta moja iliyokosekana. Meneja alimtukana matusi ya kila rangi, lakini mtambo ulisimama. Jina likamganda hapo hapo.

Mkewe aliitwa Mama Gundi. Alikuwa chumba cha pili cha kiwanda hicho hicho, kwa wanawake walioshona vitabu na kupaka gundi migongoni. Darasa la nne ndilo lililomtoa shule, au tuseme shule ndiyo iliyomtoa. Walikaa katika ndoa miaka arobaini na mmoja, na majirani wakimsifu Nukta kwamba hajapata kuinua mkono wala sauti. Ni kweli, hajapata. Yeye alikuwa akisahihisha.

Mama Gundi akisema, "Daktari kanambia nipumzike," Nukta humkata hapo hapo: "Ameniambia." Akiacha kikaratasi mezani kwamba chakula kiko jikoni, jioni anakikuta kimetiwa alama nyekundu mahali pawili. Mwanzoni alikuwa akicheka. Baadaye akawa hacheki. Mwishoni aliacha kuandika vikaratasi, na Nukta akawa anatafuta chakula chake kwa kufunua sufuria moja moja.

Miguu ilipomkataa Mama Gundi, asiweze kuvuka hata kizingiti, binti yao alimletea kompyuta. Binti huyu ndiye mtoto wao wa pekee, na kazi yake ni kutengeneza kompyuta za hospitali. Ndani yake alimtilia mchezo. Si mchezo wa kupiga mpira wala wa kupanga karata. Humo unazaliwa msafiri, unachagua ukoo wako na ufundi wako, unatembea nchi nzima kwa miguu, unavuka milima, unaingia vijiji, unazungumza na watu, na kila wakikuambia neno unachagua la kuwajibu. Mwanamke asiyeweza kufika dirishani akawa anapanda milima.

Utamu wa mchezo ule ni kwamba unaruhusiwa kuuongezea. Watu wa dunia nzima hushona vipande vyao wakavitoa kwenye intaneti, na wewe unavichukua ukavibandika. Binti aliviita viraka. Mama Gundi alibandika kiraka cha mvua, kiraka cha nywele, kiraka cha mikate inayopoa madirishani, kiraka cha ng'ombe wanaogeuka kukutazama ukipita. Vikafika mia mbili na kumi na vitatu. Kisha akajifunza kushona cha kwake mwenyewe, cha mia mbili na kumi na nne: akawafanya watu wa humo wazungumze Kiswahili. Maneno aliyaandika kwa mkono wake kwenye daftari, sauti akazirekodi mwenyewe mlango ukiwa umefungwa, mara sauti ya mlinzi, mara ya kikongwe, mara ya mwizi wa kuku. Mwanamke wa darasa la nne alivizungumzisha vijiji kumi na kimoja.

"Kijiji cha mwisho kiko ng'ambo ya daraja," alimwambia binti yake. "Huko nimejiwekea neno langu, daftarini halimo. Nitalisikia nikifika kwa miguu yangu, sitaki njia ya mkato."

Hakufika. Wiki ile ile aliyorudi kutoka kulazwa siku mbili hospitali, mchezo ulianza kukwama darajani. Msafiri anafika katikati ya daraja, mguu mmoja juu, kioo kinaganda, kompyuta inajizima. Anaanza upya, anatembea tena, mguu mmoja juu, kioo kinaganda. Alimuuliza mumewe, "Baba, umegusa mashine yangu?" Nukta akajibu, "Sijagusa." Mama Gundi alilijaribu daraja lile wiki tano, kila asubuhi baada ya dawa, na wiki ya sita wakamzika.

Basi Nukta, aliyesimuliwa na binti, akalitaka lile neno, naye pia kwa miguu, bila njia ya mkato. Hakulia mbele za watu, wala hakugawa nguo za marehemu. Alivuta kiti mbele ya kompyuta, akavaa miwani, akaanza kuwinda kosa kama alivyowinda makosa maisha yake yote.

Miezi saba aliikalia kazi ile. Alijifunza kwamba viraka vina foleni, kimoja hupanda juu ya kingine, na cha mwisho ndicho kinachoonekana. Alijifunza kwamba kiraka cha mvua na kiraka cha mapaa viligombania nyumba moja, kila kimoja kikidai paa ni lake, na mchezo ukawa hauna wa kumsikiliza. Akavipanga. Nywele zilikula nguvu za kompyuta kuliko milima, akazipunguza. Kila alichofanya alikiandika, na kila alipoandika alirudi kusoma kama ameandika sawa.

Jirani yake, Fundi Simu, mwenye kibanda cha kutengeneza simu ukutani kwa ukuta na nyumba yake, alikuwa akichungulia dirishani.

"Mzee wangu, bado tu? Si ufute yote uanze moja?"

"Wewe ukiletewa simu yenye ufa unawatupia wenyewe jalalani?"

"Nawauzia nyingine!" Fundi Simu akacheka. "Haya, nisaidie kuelewa basi. Mtu mzima na ndevu zako, unapigana na majoka humo ndani?"

"Sipigani na mtu. Natembea."

"Unatembea kwenda wapi umekaa?"

Fundi Simu akaondoka akisema kwa sauti ya kusikika kwamba wajane wengine wanafuga kuku.

Hatimaye aliligawa lile fumbo kama alivyogawa kurasa zamani: nusu ya viraka anavizima, nusu anaviacha, anakwenda mpaka darajani. Halafu nusu ya nusu. Mpaka vikabaki viwili, kisha kimoja. Akiwasha vyote mia mbili na kumi na vitatu, msafiri anavuka bila kikohozi, ila watu wa ng'ambo wanaongea lugha ya kigeni. Akiwasha cha mia mbili na kumi na nne, kile cha Mama Gundi, daraja linaua.

Akampigia simu binti yake. Binti akaja mchana wa siku yake ya mapumziko, hata viatu hakuvua.

"Nimelipata kosa," Nukta alisema, na ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba uso wake kuwa na damu. "Ni la mama yako."

Binti alimtazama. "Unasemaje?"

"Kosa ni lake. Kiraka chake ndicho kibovu. Ningemwambia angali hai, angerekebisha."

"Hata kaburini unamsahihisha, baba?"

"Kosa ni kosa, mwanangu. Halina msiba."

Binti alivuta kibodi, akafungua folda ya sauti za mama yake. Majina yakashuka kwenye kioo, mamia, kila sauti na jina lake. Akaenda mpaka kwenye sauti za kijiji cha mwisho. Akasogeza uso karibu.

"Mama alijifunzia wapi kuandika ng'ambo na kile kidole juu?"

"Kidole gani?"

"Hiki kialama. Katika daftari lake hamna hata kimoja. Anaandika ngambo, ngombe, kungaa, hivyo hivyo makavu. Na humu ndani ya kiraka ameuambia mchezo utafute faili linaloitwa ngambo. Faili lenyewe hapa linaitwa ng'ambo." Alihesabu kwa kidole. "Saba. Saba yana kialama. Mchezo unafika darajani, unaita sauti kwa jina ililopewa na mama, jina hilo halipo tena, unachanganyikiwa, unakufa."

Nukta alivua miwani akaifuta.

"Hapa pameandikwa siku yalipobadilishwa," binti aliendelea, na sauti yake ikashuka. "Tarehe kumi na nne. Siku hiyo mama alikuwa kitandani hospitali na mimi nimekaa miguuni pake. Nyumbani alibaki nani?"

Kuna watu wangesema sijui. Nukta hakuwa na ufundi huo.

"Niliingia kupangusa vumbi," alisema. "Kompyuta ilikuwa wazi. Nikayaona. Ng'ombe bila alama, mwanangu, anasomeka nini? Nikasema nimsaidie, akirudi akute kazi yake safi."

"Alikuuliza! Mama alikuuliza umegusa mashine yake, mimi nimesimama hapo mlangoni. Ukasema hujagusa."

"Sikugusa. Nilisahihisha tu."

Binti alicheka, kicheko kibaya, kile cha mtu aliyebanwa kidole na mlango. "Wiki tano, baba. Kila asubuhi. Alinipigia simu kazini ananiuliza, 'Mwanangu, nimekosea wapi?' Aliamini ni yeye. Amekufa anaamini ni yeye."

Nukta alivaa miwani tena, akayatazama yale majina saba kwenye kioo.

"Yarudishe," alisema.

"Yarudishe mwenyewe."

Akayarudisha. Mtu aliyewahi kusimamisha mtambo kwa nukta moja alikaa mbele ya mwanawe akafuta alama saba, moja baada ya nyingine, akaacha makosa matupu yakimtazama. Ilimchukua muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka. Kisha akamchukua msafiri, akamtembeza mpaka mtoni. Mvua ilinyesha juu ya mapaa pasipo ugomvi. Ng'ombe waligeuka. Msafiri alipanda darajani, akafika katikati, akainua mguu, akaushusha.

Ng'ambo alisimama mwanamke mnene mlangoni pa nyumba ya wageni, akafumbua kinywa, na chumba kikajaa sauti ya Mama Gundi, ile ya zamani, kabla ya ugonjwa kuipunguza.

"Umefika, mama. Pole na safari. Hebu kaa. Hapa ongea unavyotaka, hakuna atakayekurudisha mwanzo wa sentensi."

Chini ya kioo yakatokea majibu matatu ya kuchagua, kama ulivyo mchezo, yote yameandikwa naye. La kwanza: *Ahsante, nimechoka kusemeshwa vizuri.* La pili: *Kumbe huku ngambo kuna watu.* La tatu: *Nipe chai tuonge.*

Hakuna lililokuwa la mume. Hakukuwa na tusi wala jina lake, wala salamu kwake, wala samahani ya kupewa au ya kuombwa. Mama Gundi alijishonea mahali pa kufikia, akajiwekea mtu wa kumkaribisha, na asiyehusika ndiye aliyekaa kwenye kiti akikaribishwa. Nukta alilisoma la tatu. Tuonge. Kidole chake kilikwenda juu ya kibodi, kikarudi.

"Chagua," binti alisema.

"Si mimi ninayeulizwa."

Binti akanyoosha mkono, akachagua la tatu. Mwanamke wa mlangoni akasogea pembeni, msafiri akaingia. Ndani watu wamejaa, wamekaa mezani, wanageuka, wanafumbua midomo, na hakuna sauti. Wanaongea kimya kama samaki. Mama Gundi hakuwahi kuwafikia kwa sauti yake, wala kiraka chake hakijaambiwa kuwatafutia faili.

Nukta aliinuka, akaenda kwenye kabati la nguo za marehemu, akarudi na daftari. Alilifungua ukurasa ambao tiki za marehemu, za maneno aliyokwisha kuyarekodi, zinakoma. Alikuwa amelisoma lote miezi ile, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa amesoma maandishi ya mtu bila kalamu mkononi, kwa kuwa alidhani anatafuta kosa kwingine.

"Wamebaki sitini na mmoja," alisema. "Maneno yao yote yapo hapa. Wape sauti."

"Mimi?"

"Sauti yako na yake ni moja. Yasome kama alivyoandika. Penye tuonge, sema tuonge."

"Na wewe utakuwa wapi nikirekodi?"

"Nje."

"Nje hapo mlangoni unasikia kila kitu, baba. Nitasoma neno la pili tu, utabisha hodi."

Nukta alifikiri. Alikuwa akijijua.

"Basi nitakwenda kukaa kwa Fundi Simu, kule kuna kelele," alisema, akamwekea daftari mapajani. "Ukimaliza, badilisha neno la siri la kompyuta, na usiniambie."