Hadisi Yangu Imeingia mu Tableti

Barafiki, leo sauti yangu imeingia mu tableti!

Miye ninatunza bitabu bya shule, basi nilialikwa ku mukutano wa teknolojia ya masomo, hapa Bunia.

Fundi mumoja akatuonyesha tableti yenye kujaa bitabu. Haiombe hata internet!

Nikainua mukono: "Bya Kiswahili biko ngapi?"

Akatafuta. Akatafuta tena. Nikajuta kuuliza.

"Mama, hakuna hata kimoja."

Kisha akaniletea mikro ya kusemea: "Tuanze na weye. Utuhadisie."

Nikahadisia ile ya kuku mwenye kukataa kuuzwa ku soko ya Ariwara. Batu bakacheka mpaka machozi, naye akarekodi yote mu ile tableti!

Kesho tableti inakuja ku shule yetu, na batoto bangu ba shule batanisikia humo.

Weye ungebahadisia hadisi gani?