Mama Asiyeitikia Salamu

Usinitazame hivyo. Haya yalitendeka hapa hapa Nakuru, Oktoba iliyopita, na walioyaona ni mimi na watoto wangu wawili. Pombe sinywi, kwa hivyo usianze na hiyo.

Halowini, ile sherehe ya Wazungu ya kuvaa sura za kutisha, si mambo yetu, najua. Lakini shule ya binti yangu Imani iliwapa watoto barakoa, na akina mama wa ploti tunayopanga wakakubaliana kwamba jioni watoto wapite mlango kwa mlango wakipewa switi. Mke wangu alikuwa kazini, basi ikaniangukia mimi. Imani ana miaka sita, Kiptoo minne. Kabla hatujatoka niliwasimamisha nikawaambia, "Mnabisha. Mnasalimia. Mnangoja mjibiwe. Mtu hajawajibu, hamchukui kitu chake. Na mnachukua moja tu."

"Na kama ni chokoleti?" Kiptoo akauliza.

"Moja."

Nikwambie ukweli, walinipa raha. Mama Njeri alisalimiwa vizuri mpaka akawapa mandazi ya moto. Mzee wa kona, ambaye hata hakujua Halowini ni nini, aliwapa ndizi mbivu, nao wakashukuru kama wamepewa ng'ombe.

Kigiza kilikuwa kinaingia tulipofika nyumba ya mwisho, ile iliyo karibu na ukuta. Sisi tulikuwa tumehamia ploti mwezi huo, sikujua anakaa nani. Mlango ulikuwa wazi, taa inawaka. Ndani alisimama mama mmoja, leso kiunoni, sinia la switi mkononi. Switi zinazong'aa, niamini. Alikuwa anatabasamu.

"Hujambo, anti?" Imani akasema.

Kimya. Yule mama akanyoosha sinia, lakini hakusogea hata kidogo.

"Hujambo, anti?"

Kimya tena. Akawaita kwa kidole waingie. Kiptoo akainua mguu, dada yake akamshika shati.

"Baba, hajajibu."

Mimi nikaona aibu. "Imani, labda hasikii vizuri. Ingieni tu."

"Lakini ulisema!"

Ungefanya nini? Nikasogea nimsalimie mwenyewe. "Habari ya jioni, mathe?"

Ndipo akafungua mdomo. Na sauti iliyotoka ilikuwa ya binti yangu. "Hujambo, anti?" Ile ile, hata na mafua yaliyokuwa yamemziba Imani pua wiki hiyo.

Sikungoja. Nilimbeba Kiptoo kwapani, nikamvuta Imani mkono, tukakimbia mpaka tukamgonga mzee Wafula, soja anayelinda ploti, aliyekuwa anakuja mbio na tochi.

"Boss, unapeleka watoto wapi? Hapo hakai mtu!"

Akamulika. Taa ilikuwa imezimika. Mlango bado uko wazi, ingawa aliapa kwamba kufuli aliifunga yeye mwenyewe. Na ndani hakukuwa na sakafu. Si unajua ardhi yetu inavyopasuka mvua ikizidi? Mvua ya masika ilikuwa imefungua ufa uliomeza chumba kizima, wapangaji wakahama. Mwanga wa tochi haukufika chini. Pale aliposimama yule mama palikuwa hewa tupu.

Nilikaa kwenye vumbi nikawakumbatia wanangu, nacheka huku nalia. Kiptoo alikuwa analilia ndizi yake iliyopondeka. Kaka, sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile. Usiku ule niliamka mara nyingi nikawasikiliza tu wakikoroma, nikashukuru Mungu, nikalala tena.

Mwenye ploti alijaza shimo kwa mawe, akauziba mlango kwa matofali. Hatukuhama, na tuko wazima. Ila tukipita pale, Kiptoo huupungia ukuta mkono. Nikimuuliza anampungia nani, ananiambia, "Anti."

Wewe mwenye watoto, nisikilize. Mtoto wako akirudi nyuma mlangoni mwa mtu, usione haya, wala usimsukume. Ondokeni hapo kwanza. Maswali mtaulizana mkishafika kwenu.