Anashika Ufagio

Binti yangu alinyimwa darasa la umeme kwa neno langu moja, na aliyelipindisha alijua analipindisha.

Miaka kumi na tisa nafagia shule hii. Mimi sikusoma, baba alisema kumsomesha msichana ni kutia maji kwenye gunia. Lakini binti yangu aliifufua pasi yangu iliyokufa, na kengele ya umeme ya shule aliitengeneza yeye, mwalimu mkuu akimshikia ngazi.

Ndipo serikali ikaleta vishikwambi, vile vibao vya kioo vya kusomea. Kila mtoto, walisema, atafundishwa kazi inayomfaa yeye. Akaja bwana mmoja wa wilayani, viatu vinang'aa kuliko akili, akatuita wazazi mmoja mmoja.

"Mama, mtoto wako anashika nini haraka?"

Nikadhani anaulizia malezi. "Akirudi tu nyumbani anashika ufagio," nikasema kwa fahari. "Hangoji kutumwa."

Akamgeukia mwenzake aliyekuja naye. "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Wakacheka, akaandika "ufagio" kwenye kishikwambi chake. Nami nikaweka dole gumba kwenye kioo, nikashukuru, mjinga mimi.

Jumatatu majina yakabandikwa ukutani. Binti akanisomea lake: usafi wa majengo. Aliyewekwa kwenye umeme ni binti wa mwalimu mkuu, anayeogopa hata kuchomeka chaji ya simu.

"Mama, kwani uliwaambia nini?"

Nilipomweleza hakulia. Alichukua ufagio, akaanza kufagia ua. Afadhali angelia.

Nikaingia kwa mwalimu mkuu, ufagio mkononi.

"Mama, mfumo umeshaamua," akasema. "Mashine haina upendeleo."

"Mashine ndiyo iliyotengeneza kengele yako, mwalimu?"

"Usafi nao ni kazi ya heshima."

"Basi mpe binti yako hiyo heshima."

Kengele ikalia, ile ile. Akainuka upesi, eti ana kipindi. Hajafundisha kipindi tangu apate kiti cha kuzunguka.

Sasa vishikwambi vimefungiwa kabatini, chaji zimepotea, lakini majina ya ukutani hayajabadilika. Anayevipangusa vumbi ni mimi.

Yule bwana wa wilayani namdai arudi, aniulize upya kwa maneno ya kueleweka, kisha afute "ufagio" kwa kidole kile kile alichoandikia. Mwalimu mkuu namdai kiti kimoja katika darasa la umeme. Anajua ni cha nani. Kila akisikia kengele anakumbushwa.